Masomo ya Nje, Bila Kutoka Nje

Jumamosi, mwezi 1 Mfungo Saba 1329

Ami Hamad, ndugu wa Baba, kasema leo. Kasema baada ya chakula, mbele ya Mama, mbele ya Bibi, na kila neno akalipigilia kwa bakora sakafuni. Miaka ishirini na miwili ninakula wali wa nyumba hii, kasema, na kazi yangu ni kulizuia baraza lisiondoke mahali pake. Basi mambo ni mawili. Ama niingie ile skuli mpya ya maarifa ya nje iliyofunguliwa Vuga, ama Jumatatu ya wiki ijayo nipande punda niende shamba la Mkokotoni, nikasimamie minazi. Na nikae huko.

Mkokotoni! Mbu. Matope. Watu wanaolala saa mbili. Nitacheza bao na nani? Kahawa nitainywa wapi?

Tangu Baba atangulie mbele ya haki, huu mwaka wa nne, Mama hana wa kuongea naye humu ndani ila mimi, maana Bibi Nunu haongei, anaamrisha. Baadaye kanifuata chumbani. Kaniambia kaweka nadhiri: nikikubaliwa skuli atasomesha maulidi, na majirani wote kishawaambia. Kisha akalia kidogo akijifanya kutafuta kitu kwenye sanduku. Hilo ndilo lililonichoma. Punda naweza kumvumilia. Machozi ya Mama siyawezi.

Nitaingia skuli. Lakini kwa akili, si kwa jasho.


Jumapili, mwezi 2

Vuga. Tumefika watu kumi na wawili, nafasi ni nane. Mwalimu wetu ni Mwalimu Bakar, mtu mwembamba aliyesoma Misri, uso umeungua kwa jua, na inaonyesha anajivunia kuungua huko.

Kaandika masomo ubaoni: Mimea, Udongo na Mawe, Wadudu, Mvua na Upepo, Maji ya Pwani, Upimaji wa Ardhi, Nyota. Kila mtu achague matatu kwa muhula wa kwanza. Hesabu haina hiari, kasema, itafundishwa kila siku, maana asiyejua kuhesabu atatoka nje na atarudi na hadithi tu. Kisha akatuusia tuchague somo moja tunalolipenda, moja tunaloliogopa, na moja ambalo hatujapata kulisikia. Usia mzuri. Sitaufuata.

Lakini kuna mtego. Kwa siku saba kila mtu atoke nje, aangalie, aandike anachokiona. Kila somo na daftari lake. Jumapili ijayo atayasoma na ndipo atakapowachagua wanane.

Kabla hajamaliza kusema, Hashil kishanyoosha mkono. Hashil ni jirani yetu, mlango kwa mlango, mwana wa Bi Bahiya. Tumetahiriwa siku moja, na tangu siku hiyo Mama anaambiwa Hashil hakulia. Kachagua Mimea, Udongo na Mvua. Kauliza kama anaruhusiwa kuchagua manne. Kauliza hivyo kwa adabu! Nikatamani ubao umwangukie.

Mimi nimeomba nifikiri hadi kesho. Mwalimu kafurahi, kasema mwanafunzi anayefikiri ni tunu. Hajui nafikiri nini.


Jumatatu, mwezi 3

Nimefikiri kwa mizani moja tu: somo lipi halitaniondoa barazani?

Mimea, hapana. Mimea iko mashambani, na mashamba ndiyo ninayoyakimbia. Udongo, astaghfirullah. Leo asubuhi nimemwona Hashil akipita na udongo ndani ya kanzu yake nyeupe, kaupakata vizuri, na mama yake yuko dirishani anamwangalia kwa fahari. Wadudu wanauma. Upimaji ni kuburuta mnyororo juani kutwa.

Nyota! Huu ni mwezi wa masika. Mbingu zimefunikwa. Mtu hawezi kuulizwa habari za nyota zisizoonekana. Nimechukua daftari la Nyota, nikaandika siku zote saba kwa mkupuo: Mawingu. Mawingu. Mawingu. Hadi saba. Somo la kwanza limekwisha kabla sijanywa chai.

Mvua na Upepo, hili nalo zuri. Mwalimu anatoa kopo la bati na kijiti chenye alama za inchi. Unaweka kopo uani, mvua inajiingiza yenyewe, jua likichomoza unatumbukiza kijiti, unaandika, unarudi kulala. Mvua inafanya kazi, mimi naandika.

Maji ya Pwani bado sijajua nitayafanyaje, lakini nimeyaandikisha. Mwalimu kaniuliza kwa nini haya matatu. Nikamjibu kwamba moyo wangu umependa vitu vilivyo juu ya mwanadamu: mvua, nyota, bahari. Nusura alie.

Jioni nimeweka kopo katikati ya ua. Bibi kauliza hilo ni kopo la nini. Nikamwambia la serikali, la kukingia mvua. Kauliza kama birika letu la maji ya mvua limepasuka. Nikamwambia ni maarifa, asiliguse mtu. Bibi kaguna. Ana ada yake: kila magharibi anazunguka nyumba nzima na vifuniko, mitungi, masufuria, hata kikombe cha kahawa kilichosahauliwa dirishani, hakuna chombo kinacholala wazi humu. Akimaliza hapo ndipo anaposali. Kutwa kucha na vifuniko! Wazee wana mambo.


Jumanne, mwezi 4

Mvua usiku kucha. Imeanza na Isha, imeondoka na alfajiri. Mto umepita mlangoni kwetu. Kiatu cha Ami kimekwenda na maji.

Nimeamka, jua limechomoza, nimetumbukiza kijiti. Kikavu! Nimelipindua kopo, nimeligonga, nimelitazama kwa jicho moja na kwa jicho la pili. Tone hakuna.

Nimeandika sifuri. Ningeandika nini?

Mama kauliza vipi masomo. Nikamwambia yanakwenda. Kafurahi, kanipa mkate wa kumimina wa moto moto. Nikaula nimeinamisha macho.


Jumatano, mwezi 5

Mvua tena usiku, kubwa kuliko ya jana. Kopo kavu tena. Sifuri.

Hashil kapita asubuhi, akaniita dirishani, akasema la kwake limepata inchi mbili na robo, la kwangu je. Nikamwambia natunza siri mpaka Jumapili. Kasema sawa, kila mtu na njia yake, na akanitakia heri. Hilo linaniudhi zaidi. Mtu akikuchukia unajua pa kumpiga. Hashil ananitakia heri!

Mchana nimelipatia dawa somo la pwani. Borafya. Huyu ni mmoja wa wale kumi na wawili, mtu wa Chwaka, anajua bahari kama ninavyoijua mimi njia ya kwenda jikoni, lakini hati yake, yarabi, ni kama kaa katumbukia katika wino akatembea juu ya karatasi. Mimi hati yangu inasifiwa mpaka Malindi. Nikamwalika barazani, nikamnunulia halua, nikamwambia nitamnakilia madaftari yake yote matatu kwa hati ya kupendeza, naye anipe hesabu zake za bamvua lililopita, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, alizoziandika kwao.

Borafya mtu wa haki. Kanionya mara tatu. Kasema hizo ni hesabu za upande wao, pwani ya kwao ni bapa, hapa Mjini mambo mengine. Nikamjibu bahari ni bahari. Mungu kaumba moja. Kanitazama kwa huruma, akala halua, akanipa.

Nimekaa hadi alasiri nanakili. Madaftari yake matatu na langu moja. Mkono umekufa ganzi. Ukiangalia sana, leo nimefanya kazi kuliko Hashil, na yeye katembea mpaka Bububu.


Alhamisi, mwezi 6

Balaa. Usiku wa jana mbingu zimefunguka. Nyota tele! Toka mwanzo wa masika hazijaonekana, zimengoja wiki yangu. Nilikuwa barazani nikaziona kwa macho yangu, zimejaa juu ya mtaa mzima, na jirani mmoja akasema subhanallah.

Daftari linasema mawingu. Nimefikiri nilifute. Kufuta kunachafua karatasi, na karatasi chafu inamvunjia mwalimu heshima. Nimeamua kutoziangalia. Nikaingia ndani.

Kopo leo kavu kwa haki, mvua haikunyesha. Lakini hizi siku mbili za kwanza? Nimelala kutwa nikiwaza, na saa tisa fikra ikanijia. Nikakaa kitako. Nimegundua jambo!

Nyumba yetu ni ndefu, orofa tatu, na ua uko katikati kama kisima. Mvua inakuja na upepo, inakuja mshazari. Basi inapiga ukuta wa kusini, inaruka ua, inaangukia mtaani. Ndiyo maana mto unapita mlangoni! Ni maji ya kwetu yaliyoruka. Mvua ya Mjini inaangukia mitaa na haiingii nyuani. Hakuna aliyepata kulisema hili, si Misri, si Bara Hindi. Nimelijaza kurasa nne, na mwishoni nimeweka jina langu kamili, Khelef, na la Baba, na la Babu.

Kwamba ua una matope kila asubuhi nimeliona. Nitalifikiria baadaye.


Ijumaa, mwezi 7

Usiku mvua, kopo sifuri. Mara ya tatu. Ugunduzi unasimama imara.

Baada ya sala ya Ijumaa nimemkamata Mwalimu Bakar mlangoni pa msikiti, hata kiatu hajavaa. Sikuweza kungoja Jumapili. Nikamweleza kwamba Mjini mna mahali ambapo mvua hainyeshi, na mahali hapo ni uani kwetu. Mwalimu kasimama na kiatu mkononi. Kaniuliza kopo liko wazi juu, hakuna mti, hakuna paa? Nikamwambia wazi kabisa, hakuna kitu. Kaniuliza naliangalia mwenyewe kila asubuhi? Nikaapa. Na nilikuwa mkweli, wallahi!

Kasema atakuja kesho baada ya sala ya alfajiri, aone kwa macho yake.

Nimerudi nyumbani natembea juu ya hewa. Nimewaambia watu wa baraza. Nimemwambia muuza kahawa. Nimemwambia Hashil, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kutahiriwa nimemwona anakuna kichwa. Nimemwambia Ami. Ami kakunja uso, kasema kesho na yeye atakuwepo. Mama kavaa uso wa Idi. Kauliza kama Mwalimu anapenda vitumbua.


Jumamosi, mwezi 8

Sitaki kuandika.

Naandika.

Usiku imeshuka mvua ya Nuhu. Alfajiri wakaja. Mwalimu Bakar na daftari. Ami na bakora. Hashil, mama yake, muuza kahawa na vikombe vyake, wazee watatu wa barazani, na watu wawili nisiowajua waliosikia njiani. Wote wamesimama uani, kanzu zimepandishwa, maji yamefika vifundoni. Hapo tu ningepaswa kukimbia. Mwalimu alitazama chini, akatazama maji, akanitazama mimi. Nikamwambia hayo yamepenya kutoka mtaani.

Kopo halionekani. Pale nilipoliweka pana kifuniko cha sufuria, na juu ya kifuniko pana jiwe.

Nikadhani ni hujuma ya Hashil. Nilikwishafungua mdomo. Ndipo Bibi Nunu akatoka jikoni na ushungi wake, hana habari na mtu, akasema bismillah, akaondoa jiwe, akaondoa kifuniko, akakikung'uta maji, akakipachika kwapani. Kisha akageuka akaona watu kumi na mmoja uani kwake.

Mwalimu akamwamkia shikamoo. Bibi akaitika marahaba, akauliza kama kuna msiba.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu kwa adabu kabisa akamuuliza kama kopo hili hulifunika kila usiku. Bibi akamjibu kwamba chombo hakilali wazi, ni sunna, na usiku hushuka mambo, naye ana miaka sabini na mitano hajapata kuacha chombo wazi na hataanza kwa kopo la serikali. Kila magharibi analifunika, kila alfajiri analifunua, ili mjukuu wake alikute safi. Na kwamba hakuligusa, kama alivyoagizwa. Kagusa kifuniko tu. Halafu akamuuliza Mwalimu huko skuli kwao wanafundisha nini ikiwa hili hawalijui.

Mwalimu Bakar, msomi wa Misri, akainamisha kichwa akasema Bibi kasema kweli. Akala kitumbua kimoja kwa ajili ya Mama, akatoka.

Ami hakunikaripia. Kaniambia kwa sauti ndogo kwamba punda atakuwa mlangoni Jumatatu asubuhi. Kwa Mama sikuthubutu kupita. Alikuwa anaosha sahani ambazo hazikutumika.

Nimemkalia Bibi kitako, nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Kanijibu sikumuuliza.

Nina siku moja. Nitaazima kwa Hashil daftari lake la mvua, nitafuta sifuri zangu, nitatia inchi zake nikipunguza hapa na kuongeza pale. Nimekwenda. Kanipa! Kanipa bila kuuliza, na kalamu mpya juu. Nimelichukua, nimekaa barazani, nimelifungua ukurasa wa kwanza. Nitajinyoosha dakika mbili, nianze.


Jumapili, mwezi 9

Nimeamka kwa adhana ya alfajiri. Shingo imepinda. Daftari la Hashil halipo, Bi Bahiya kalifuata magharibi na hakutaka kuniamsha. Langu liko palepale kifuani, na sifuri zangu zote, na kurasa zangu nne za ugunduzi. Kurasa nne nimezichana. Sifuri sikuwa na la kuzifanya. Ya leo tu ndiyo si sifuri: inchi moja na nusu, maana jana Bibi kakubali kwa shingo upande kuliacha kopo wazi, akalisomea Ayatul Kursi badala ya kifuniko.

Vuga. Mwalimu anasoma madaftari kwa sauti. Kila mtu!

Langu la pwani likafunguliwa. Shangani, kasoma Mwalimu, maji yametoka hatua elfu mbili. Akaniuliza kama nilizitembea hatua hizo. Nikasema ndiyo. Kasema basi nilipita chini ya meli zote zilizotia nanga, zimelala ubavu matopeni, na makapteni wao wakanipungia mikono. Darasa likavunjika kwa vicheko. Borafya alikuwa anatazama sakafu. Hakunitaja, mtu wa haki yule, na mimi nikaona haya kweli kweli, kwa muda.

Akafungua la Nyota. Mawingu, mawingu, mawingu. Kauliza Jumatano nilikuwa wapi, maana Jumatano yeye mwenyewe alikaa juu ya paa hadi saa sita. Nikasema mtaa wetu una moshi wa majiko. Akaendelea kutazama. Kasema wino wa siku saba ni wa kidau kimoja na mkono mmoja usioinuka. Kisha akauliza imekuwaje mawingu usiku saba, na katika daftari la mvua tone lisipatikane hadi leo. Hapo hata mimi nikaona kwamba madaftari yangu yangepaswa kushauriana.

La mvua hakulisoma kwa sauti. Kalitazama peke yake, muda mrefu. Akalifunga.

Majina yatabandikwa mlangoni kesho.

Mama kaniuliza vipi. Nikasema Mwalimu kalitazama sana daftari moja. Kasema inshallah. Kanikunjia kanzu tatu, lakini kaziweka juu ya kitanda, hakuzitia kwenye mzigo. Nimeziona kila nilipogeuka.


Jumatatu, mwezi 10

Punda alikuwa mlangoni kabla ya chai. Mzigo umefungwa: mkeka, sufuria, na jembe jipya la Ami. Jembe! Nikasema acha niende Vuga nisome majina kwanza. Ami kasema nimchukue na punda, nikitoka huko njia ya Mkokotoni ninaijua.

Nimepita Mjini nikimburuta punda, kila baraza linaniuliza nahamia wapi.

Mlangoni majina ni saba. Hashil wa kwanza. Borafya wa tatu, kwa hati yangu. La kwangu halipo. Nikasoma kutoka juu, nikasoma kutoka chini. Sikutaka kulia mbele ya punda. Nilifikiri jinsi Mama atakavyozichukua zile kanzu kitandani, moja moja, na nikashindwa kuondoka pale.

Mwalimu akaniita ndani. Hashil yupo, anapanga mbao, hakosi popote. Mwalimu kaniambia la pwani ni wizi, la nyota ni uvivu, yote mawili kayachana na kayatupa. Lakini la mvua linamsumbua. Wanafunzi watano walichagua mvua. Wawili wamekosa nafasi kwa sababu moja: makopo yao yalipinduliwa na mbuzi na kunguru, wakaandika inchi za kukisia zinazoonekana nzuri. Mimi mvua ya Nuhu inashuka, mtaa mzima unaogelea, nikaandika sifuri, na kesho yake nikaandika sifuri, na nikasimama nayo mbele ya watu. Mwongo, kasema, angeandika inchi mbili. Hili ndilo alilokuja kulitafuta Vuga: mtu anayeandika alichokikuta ndani ya kopo, hata kikimwaibisha.

Nikataka kumwambia nililala tu. Lakini hakuniuliza.

Hashil akadakia, hakuna aliyemtuma, akasema kwa Khelef yeye anadhamini, Khelef hawezi kuandika uongo mrefu, hana bidii ya kuutunga. Kasema kwa nia njema! Mwalimu akacheka, akachukua kalamu, akatoka nje akaandika jina langu la nane.

Masharti mawili. Masomo yangu ya muhula wa kwanza kachagua yeye: Mvua, Udongo, na Wadudu. Na niandike ninachokiona, si zaidi, si pungufu.

Nimerudi na punda. Mama alikuwa dirishani. Aliponiona nakuja upande wa nyumbani, sikupata kusema neno, kigelegele kikasikika mpaka Shangani. Kashuka ngazi bila viatu, kanishika uso kwa mikono miwili, ina harufu ya vitunguu, akalia kwa furaha, na mimi nikalia. Ami kamfungua punda mzigo. Jembe kaliacha ukumbini, palepale ninapopita kila siku.


Jumamosi, mwezi 15

Maulidi yalisomwa Alhamisi jioni, nyumba ikajaa. Mama alivaa nguo yake ya zari. Bibi alifunika sinia zote. Bi Bahiya alimwambia Mama kwamba Khelef mtoto mkweli, na Mama akaitika kwa mdomo mpana.

Sasa kazi. Mwalimu katupa somo la Wadudu la mwezi mzima. Kila mtu apewe mti, akae chini yake nusu saa kila siku, ahesabu majimoto, wale sisimizi wekundu, wanaopanda na wanaoshuka. Mti wangu ni mndimu ulio nyuma ya skuli. Hashil kaomba miti miwili.

Wenzangu wanalalamika. Mimi nimeyaelewa mambo. Nimetafakari wiki nzima kwa nini Mwalimu alinichagua mimi kati ya watu wazima wenye madaftari yaliyojaa, na jibu liko wazi kama mchana: Mwalimu anapenda sifuri. Inchi zilimchosha. Sifuri ndizo zilizomgusa moyo.

Kwa hiyo nimekuja leo mara moja tu, nimetandika mkeka chini ya mndimu, nimefungua daftari jipya, na ninamaliza mwezi mzima kwa kikao kimoja. Jumamosi, waliopanda: sifuri, walioshuka: sifuri. Jumapili: sifuri. Jumatatu: sifuri.

Nimesimama kidogo kujikuna.

Jumanne: sifuri. Jumatano, wameingia ndani ya kanzu, la haula! Jumatano: sifuri. Mguu wote wa kushoto umewaka moto, na shingo, na mmoja yuko ndani ya sikio. Alhamisi: sifuri. Nimebakiwa na wiki tatu za kuandika na sitaondoka hapa mpaka niziandike.